Kugawa mafaili ya karaoke Nairobi: mwongozo kamili wa hakimiliki kwa ma-DJ na wenye kumbi

Ingia River Road au Luthuli Avenue na flashi tupu, utapata mtu wa kukujazia nyimbo na filamu kabla soda yako haijaisha. Mafaili ya karaoke husafiri vivyo hivyo. DJ mmoja anamwazima mwenzake diski ya nje, mwenzake anainakili usiku kucha, kesho yake folda nzima iko Google Drive na kiungo kimetupwa kwenye kundi la WhatsApp. Wengi wanaofanya hivyo hawana nia mbaya. Wanaamini walishalipa: walinunua faili, au baa wanayopigia ina leseni ya muziki iliyobandikwa karibu na kaunta. Lakini pesa ya faili ililipia jambo moja, pesa ya leseni ikalipia jingine, na hakuna iliyolipia kumpa mtu mwingine nakala.

Mwongozo huu unafuata Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 pamoja na marekebisho yake ya 2019. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mafaili ya karaoke hutengenezwa ng'ambo, sheria za huko zimetajwa pale zinapokuhusu. Wimbo wa Mmarekani au Mfaransa unalindwa hapa kama wa Mkenya. Kenya imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1993.

Kilichomo ndani ya faili

Miundo utakayokutana nayo ni mitatu. MP3+G ni mafaili mawili yenye jina moja: la .mp3 ndilo sauti, la .cdg ndilo maneno yanayobadilika rangi kwenye skrini. Muundo huu ulirithiwa kutoka diski za CD+G, yaani CD za muziki zenye picha za maneno, ndiyo maana picha yake ni ndogo, pikseli 300 kwa 216 na rangi 16 basi. Mara nyingi jozi hiyo hufungwa ndani ya .zip moja. MP4 ni video ya kawaida yenye sauti na maneno pamoja. Faili la .kar ni MIDI: halina sauti iliyorekodiwa, lina maelekezo ya noti na maneno tu, na ndiyo maana uzito wake ni kilobaiti chache.

Sasa hesabu wenye haki. Yupo mtunzi wa muziki na mwandishi wa maneno, au kampuni waliyoikabidhi haki zao. Yupo mzalishaji, yaani aliyegharamia na kusimamia rekodi. Wapo watumbuizaji: wapiga ala na waitikiaji wanaosikika. Kwenye MP4 yupo pia aliyetengeneza picha. Kila mmoja ana haki yake inayojitegemea, na ruhusa ya mmoja haimfungi mwingine. Haki za watunzi ziko kifungu cha 26, za rekodi kifungu cha 28, za watumbuizaji kifungu cha 30.

Maneno yanayoonekana kwenye skrini ni matumizi ya peke yake. Huko Marekani jambo hili lilifika mahakamani katika kesi ya ABKCO dhidi ya Stellar Records, iliyoamuliwa 1996: kampuni ya karaoke ilikuwa na leseni ya kurekodi upya nyimbo, mahakama ikasema leseni hiyo haikuhusu kuonyesha maneno. Kampuni zilizotengeneza mafaili zililipia ruhusa hizo moja moja, na ruhusa zenyewe huwa na mipaka ya nchi na ya muda. Ndiyo sababu wimbo unaweza kuwa unauzwa leo na mwezi ujao ukaondolewa dukani.

Kuna tofauti moja ambayo ma-DJ wengi hawaijui, nayo hubadilisha kila kitu. Karaoke ya kampuni kwa kawaida hurekodiwa upya studio na wapiga ala wengine. Mwimbaji mashuhuri wa wimbo huo hana sauti yake mle, na kampuni iliyomrekodi haina haki juu ya rekodi hiyo mpya. Wanaohusika ni watunzi, kampuni ya karaoke na wapiga ala wake. Lakini ukichukua wimbo wenyewe na kuondoa sauti ya mwimbaji kwa programu kama Spleeter au Ultimate Vocal Remover, umenakili rekodi asili. Hapo umemgusa mtunzi, mzalishaji wa rekodi ile, na watumbuizaji wake wote. Karaoke nyingi za nyimbo za Kenya zinazozunguka mtaani zimetengenezwa kwa njia hii ya pili kwa sababu hakuna kampuni iliyozirekodi upya. Kwa hiyo faili la wimbo wa nyumbani, ambalo watu huliona dogo na la kindugu, mara nyingi ndilo lenye matatizo mengi zaidi.

Kununua, kunakili, kupiga, kugawa

Tenga vitendo hivi vinne kichwani kabla ya kugusa chochote.

Kununua faili hukupa ruhusa ya kulitumia kwa masharti ya muuzaji, mara nyingi nyumbani tu. Kunakili, hata kutoka diski yako mwenyewe kwenda leptopu yako mwenyewe, ni kitendo kingine. Sheria inatoa nafasi ya matumizi ya binafsi yaliyo ya haki, lakini nakala inayofanya kazi ya kulipwa kila Jumatano usiku baa ya Kilimani si ya binafsi. Kupiga mbele ya watu kunahitaji leseni ya ukumbi. Kugawa kunahitaji ruhusa ya mwenye haki, na kifungu cha 26 kinapotaja usambazaji kwa umma kinaingiza kuuza, kukodisha, kuazimisha na kuleta kutoka nje. Kwa hiyo «sikuuza, niliwapa bure» si utetezi. Bure inaweza kusaidia wakati wa kukadiria hasara, haigeuzi kosa kuwa ruhusa.

Hoja nyingine za vijiweni nazo zianguke mapema. Kushusha au kupandisha ufunguo, yaani kimo cha sauti ya wimbo, hakufanyi wimbo kuwa wako. Hakuna kipimo cha sekunde thelathini katika sheria ya Kenya. Kuandika jina la msanii chini ya kiungo ni adabu nzuri, si leseni. Na lile tangazo la «sikusudii kuvunja hakimiliki» halifanyi chochote ila kuonyesha kwamba ulijua.

Hatua ya kwanza: kagua ulicho nacho

Huwezi kujua unachoweza kumpa mtu bila kujua kilitoka wapi. Fungua Excel, weka safu hizi: jina la wimbo, mtunzi, jina la kampuni ya karaoke, nambari ya toleo, muundo, ulikolipata, tarehe, risiti, na unachoruhusiwa kufanya. Mkusanyiko mkubwa usiuanze kwa herufi A. Anza na nyimbo mia unazozipiga mara nyingi, kwa sababu ndizo zitakazoombwa na wenzako.

Chanzo cha faili husomeka hivi. Cheza sekunde kumi za mwanzo: karatasi ya kwanza kwenye skrini huonyesha jina la kampuni, nembo na mara nyingi majina ya watunzi. Kisha soma tagi za .mp3 kwa programu kama Mp3tag. Ikiwa nembo imefunikwa kwa mstatili mweusi au tagi zimefutwa zote na badala yake kuna jina la DJ fulani na nambari yake ya simu, faili hilo liweke kando. Kuondoa taarifa za mwenye haki kwenye faili ni kosa linalojitegemea chini ya kifungu cha 35, na anayeligawa akijua limeondolewa taarifa hizo naye yumo.

Kipimo kingine ni uzito wa .cdg. Muundo huu hula baiti 7,200 kila sekunde, haupungui wala hauzidi, kwa sababu ni pakiti 300 za baiti 24. Wimbo wa dakika nne lazima uwe na .cdg ya baiti 1,728,000 hivi. Ukiona .cdg ya baiti 900,000 kando ya .mp3 ya dakika nne, maneno yatakatika kwenye dakika ya pili na sekunde tano, na mteja atabaki amekodolea skrini tupu na kipaza sauti mkononi. Mafaili ya duka huwa hayana kasoro hii. Yaliyonakiliwa mkono kwa mkono, diski ikichomolewa kabla ya wakati, huwa nayo tele. Si ushahidi wa mahakamani, ila ni dalili nzuri ya folda iliyopita mikono mingi.

Ukimaliza, gawanya mkusanyiko kwenye folda tatu: yenye risiti na masharti yanayojulikana, yenye ruhusa ya maandishi ya msanii, na isiyojulikana ilikotoka. Folda ya tatu haitoki kwenye mashine yako kwenda kwa mtu yeyote, hata rafiki. Kama una ubavu, ifute na ununue upya zile nyimbo unazozihitaji kweli; katika folda ya nyimbo elfu kumi, zinazoombwa usiku mmoja mmoja hazifiki hata mia tatu.

Hatua ya pili: hesabu umri wa kila haki

Muziki na maneno hulindwa Kenya katika uhai wa mtunzi na miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Watunzi wakiwa wawili, hesabu inaanza kwa aliyefariki mwisho. Rekodi ya sauti hulindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Ni hesabu mbili tofauti, na haziishi pamoja.

Chukua mwanamuziki Daudi Kabaka, aliyefariki Novemba 2001. Rekodi yake ya mwaka 1966 imemaliza miaka yake 50 mwisho wa 2016, kwa hiyo mzalishaji hana tena haki ya rekodi ile nchini Kenya. Lakini utunzi wake Kabaka unalindwa hadi tarehe 31 Desemba 2051. Kutengeneza karaoke ya wimbo huo na kuigawa bado kunahitaji ruhusa ya warithi wake au wanaosimamia haki zake. Ma-DJ wa zilizopendwa hunaswa hapa mara kwa mara: wimbo ni mzee, ukajihisi wa kila mtu.

Ukipakia faili kwenye mtandao unaosikilizwa Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya, kumbuka kwamba huko mtunzi analindwa miaka 70 baada ya kifo. Kilicho huru Nairobi kinaweza kuwa na mwenyewe London.

Nyimbo za jadi zina njia yao. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na kuzitumia kibiashara nje ya desturi yake kunahitaji ridhaa ya jamii husika. Isitoshe, mpangilio mpya wa wimbo wa jadi una hakimiliki ya aliyeupanga. Tenzi za kanisani vilevile: sauti inaweza kuwa ya karne ya 19 na huru kabisa, ilhali tafsiri ya Kiswahili unayoiandika kwenye skrini ni ya mtu aliyefariki juzi.

Hatua ya tatu: leseni ya ukumbi, na mwisho wake ni wapi

Leseni ya kupiga muziki hadharani hutolewa na vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye haki kazi zao zinapotumika, navyo husimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, yenye ofisi katika jumba la NHC katikati ya jiji. KAMP imekuwa ikiwakilisha wazalishaji, PRISK watumbuizaji, na MCSK watunzi. Vyama hivi hupewa kibali cha mwaka mmoja mmoja, na upande wa watunzi umetikisika sana: mwaka 2017 kibali kilikwenda kwa chama kingine, MPAKE, badala ya MCSK, na tangu hapo mvutano umefika mahakamani zaidi ya mara moja. Kwa hiyo usimlipe mtu kwa mazoea. Kabla ya kulipa, uliza KECOBO ni chama kipi kina kibali mwaka huu na ada zilizochapishwa katika gazeti la serikali ni zipi kwa aina ya biashara yako.

Lipa kwa nambari ya malipo ya chama, kamwe si kwa simu ya wakala. Omba wakala akuonyeshe kitambulisho cha kazi. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, risiti na cheti pamoja, kisha piga picha cheti na kukiweka kwenye simu, maana usiku wa ukaguzi meneja mwenye funguo za ofisi huwa ameenda zake.

Anayelipa kwa kawaida ni mwenye ukumbi, kwa kuwa ndiye anayeufungulia umma mlango. Wewe DJ unayezunguka, kabla ya kukubali kazi ya Roysambu, Westlands au South B, omba nakala ya leseni na uandike kwenye makubaliano yenu kwamba ada ya muziki ni juu ya ukumbi. Kwenye harusi au sherehe ya kampuni, ambako mahali pamekodiwa tu, uliza waziwazi nani analipa. Mkinyamaza, kila mmoja atadhani mwenzake kalipa.

Halafu soma cheti kinaruhusu nini. Utakuta kinazungumzia kupiga muziki mahali fulani kwa kipindi fulani. Hakitaji kunakili mafaili kwenye leptopu, hakitaji kuyagawa, na hakihami nawe ukihama ukumbi. Mtu akikuomba folda yako na kukuambia «baa yetu ina leseni», jibu ni kwamba leseni hiyo inamruhusu kupiga alichonacho, haimruhusu kuchukua ulichonacho.

Hatua ya nne: masharti ya mahali ulikonunua

YouTube inakataza kwenye masharti yake kupakua video bila ruhusa na kuionyesha hadharani. Matumizi yake ni ya binafsi yasiyo ya biashara. Baa zinazopiga karaoke za YouTube kwenye televisheni ukutani zinavunja masharti hayo hata zikiwa na leseni zote za mirabaha. Spotify na Apple Music nazo ni za usikilizaji wa binafsi. KaraFun ina usajili wa nyumbani na usajili wa biashara, navyo si kitu kimoja: wa nyumbani haukubaliki ukumbini.

Programu nyingi za usajili huhifadhi nyimbo kwenye mashine ili zichezwe bila intaneti. Mafaili hayo yamefungwa kwa makusudi. Kuyafungua kwa ujanja na kuyageuza MP4 ni kuvunja kizuizi cha kiufundi, kosa linalotajwa na kifungu kile kile cha 35. Kushea nywila ya akaunti moja kati ya ma-DJ watatu ni kuvunja mkataba, na kuna siku mtajikuta mmefungiwa nje wote saa tatu usiku ukumbi ukiwa umejaa.

Wenye diski halisi za CD+G wana suala la kuhamishia nyimbo kwenye leptopu. Kampuni ya Kimarekani ya Sound Choice ilishikilia kwamba kila nakala kwenye mashine iwe na diski yake moja ya asili, tena iliwashtaki ma-DJ wengi huko kwa kutumia alama yake ya biashara. Mashtaka mengine yalishindwa, mahakama za rufaa za mwaka 2016 na 2017 zikisema suala hilo ni la hakimiliki, si la alama ya biashara. Hata hivyo kanuni ya diski moja kwa mashine moja ni nidhamu nzuri: ukiuza diski, futa nakala yake, ukiwa na mashine mbili zinazofanya kazi kumbi mbili usiku mmoja, unahitaji seti mbili.

Hatua ya tano: namna za kushirikiana zisizo na lawama

Si kila ushirikiano ni kosa. Orodha ya nyimbo haina shida: jina, kampuni, nambari ya toleo, ufunguo unaowafaa waimbaji wengi, kasi, mahali inapouzwa. Orodha nzuri ya nyimbo mia mbili zinazojaza ukumbi Eastlands ina thamani kuliko diski ya nyimbo elfu kumi ambazo nusu yake hakuna anayezijua. Viungo vya duka halali havina shida pia. Mipangilio yako ya programu, mpangilio wa foleni ya waimbaji, na picha za nyuma ulizochora mwenyewe ni vyako, wape watu.

Nakala ya akiba ya mkusanyiko wako kwenye Drive yako ni sawa ilimradi folda imefungwa. Kosa hutokea pale unapobadilisha kibali cha folda kuwa «yeyote mwenye kiungo» ili uifungue haraka kwenye mashine ya ukumbi, kisha ukasahau. Ingia kwa akaunti yako, pakua, toka.

Kuna pia muziki wenye leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huruhusu watu wote waitumie kwa masharti. Soma herufi zake vizuri. BY inataka utaje jina tu. NC inakataza biashara, na karaoke ya baa ni biashara hata kama kiingilio ni bure. ND inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa; kuongeza maneno ya skrini juu ya wimbo ni kuubadilisha, kwa hiyo ND haifai karaoke. SA inakubali, ila toleo lako nalo litoke kwa leseni ile ile.

Hatua ya sita: tengeneza karaoke kwa ruhusa ya msanii wa hapa

Hii ndiyo njia tunayoipendekeza kuliko zote. Kuandikia kampuni kubwa ya muziki ng'ambo kuomba ruhusa ya wimbo mmoja kwa ajili ya ma-DJ kumi wa Nairobi ni kazi ambayo mara nyingi haipati jibu. Msanii wa Kayole au Rongai unaweza kumpigia simu leo, na anafurahi wimbo wake uimbwe na watu.

Kwanza uliza nani walishiriki. Nani aliandika maneno? Nani alitunga sauti ya kuimbiwa? Biti, yaani mdundo wa wimbo, ni ya nani? Kwenye studio nyingi za Nairobi prodyusa hutengeneza biti na kumwimbisha msanii juu yake, hawaandikiani chochote, na kila mmoja huamini wimbo ni wake. Usiamue ugomvi huo. Pata sahihi za wote. Uliza pia kama wimbo uko chini ya lebo au kampuni ya kusambaza mtandaoni yenye haki za kipekee. Kama upo, msanii hana uwezo wa kukuruhusu peke yake hata akitaka.

Kisha andikeni. Kifungu cha 33 kinataka uhamishaji wa haki na leseni ya kipekee viwe kwa maandishi yenye sahihi. Leseni ya kawaida inaweza kuwa hata ya mdomo, ila ya mdomo husahaulika wimbo ukivuma. Maneno haya yanatosha kwa kazi ndogo:

«Mimi ____, kitambulisho nambari ____, mtunzi wa wimbo ____, namruhusu ____ kutengeneza toleo la karaoke la wimbo huu, kuonyesha maneno yake kwenye skrini, kulinakili kwa muundo wa MP3+G na MP4, na kuwapa nakala ma-DJ wasiozidi ____ ambao majina yao yameambatishwa. Ruhusa hii si ya kipekee, ni ya Kenya, kwa miaka ____ kuanzia ____. Hairuhusiwi kupakia mtandaoni wala kuuza nakala. Malipo ni shilingi ____, yamelipwa kwa M-Pesa, muamala nambari ____. Mirabaha ya kupigwa hadharani inabaki yangu.»

Sentensi ya mwisho usiifute. Msanii aliyesajiliwa na chama cha mirabaha analipwa kupitia huko, na mkataba wako usimnyang'anye bila kujua. Prodyusa atie sahihi karatasi yake kuhusu rekodi, na waitikiaji nao wakisikika.

Omba mafaili ya ala yaliyotenganishwa, WAV ya 44.1 kHz na biti 24, badala ya kuondoa sauti kwa programu. Sauti iliyoondolewa kwa programu huacha mwangwi wa mwimbaji kwenye viitikio na kula sehemu ya besi na matoazi. Kwenye spika kubwa husikika kama maji. Acha waitikiaji, toa sauti ya mbele, shusha kilele hadi -1 dB, kisha toa MP3 ya kbps 320.

Maneno yapange kwa programu ya Aegisub. Alama yake ya \k huhesabu kwa sehemu ya mia ya sekunde, kwa hiyo \k50 ni nusu sekunde. Gawanya kwa silabi jinsi inavyoimbwa, si inavyoandikwa. M iliyo silabi peke yake, kama mwanzo wa «mtoto», ipewe muda wake. Ukiiunganisha na «to» rangi itamkimbiza mwimbaji. Mpe msanii toleo la mwisho alisome kabla halijatoka, kwa sababu kifungu cha 32 kinamlinda dhidi ya kazi yake kupotoshwa, na mstari wa sheng uliosikia vibaya ni wa kwake kuusahihisha. Baada ya hapo choma maneno kwenye video kwa programu ya ffmpeg.

Kumalizia kazi, weka mwanzoni mwa video karatasi ya sekunde tano yenye jina la wimbo, watunzi, prodyusa na maneno «Karaoke kwa ruhusa, DJ walioorodheshwa tu». Andika hayo hayo kwenye tagi, na kwenye .zip weka faili la maandishi lenye muhtasari wa ruhusa. Faili likivuka mipaka, yeyote atakayelipata atajua ni la nani.

Mambo yakiharibika

Ukipata ujumbe kwamba folda yako imefungiwa kwa malalamiko ya mwenye haki, usiipakie tena kwa jina jingine. Tangu marekebisho ya 2019, mwenye haki anaweza kupeleka taarifa rasmi kwa mtoa huduma wa intaneti nchini, naye anatakiwa kufunga maudhui hayo ndani ya saa 48 isipokuwa apate pingamizi lako. Kama una ruhusa, toa pingamizi ukiambatisha mkataba. Kama huna, nyamaza na ufute. Taarifa ya uongo nayo ni kosa, kwa hiyo anayetaka kumkomoa mshindani wake kwa njia hii ajihadhari.

Wakaguzi wa KECOBO wakifika ukumbini, mara nyingi wakiwa na polisi, omba vitambulisho vyao, onyesha cheti cha ukumbi, orodha yako ya Excel na mikataba. Usianze kufuta mafaili mbele yao. Wakichukua leptopu, hakikisha imeandikwa kwenye orodha ya vilivyochukuliwa pamoja na nambari yake ya utambulisho ya kiwandani, na uchukue nakala yenye sahihi. Makosa ya kifungu cha 38 yana faini na kifungo, kwa hiyo kabla ya kutoa maelezo yoyote ya maandishi, mpigie wakili.

Msimamizi wa kundi la WhatsApp au Telegram aandike kanuni moja juu kabisa: orodha na viungo vya duka ruhusa, mafaili na viungo vya Drive hapana. Kiungo kikitumwa, kifute kwa wote siku hiyo hiyo.

Na ukiuza leptopu ya kazi, bei ya kompyuta isipandishwe kwa sababu ya folda iliyomo. Hapo hujauza leptopu tu, umeuza nakala. Futa diski yote, weka mfumo upya, umpe mnunuzi mashine tupu na, ukipenda, orodha ya nyimbo.